Nchi ya Ufipa: Paa la Maziwa Mawili

Mwezi huu twataka kujifunza habari za nchi yenyewe, yaani mawe yake, maji yake, upepo wake na majani yake. Nchi tuliyoichagua ni Ufipa. Wengi wakaao pwani au kaskazini huitaja kama ukingo wa dunia. Husema, "Sumbawanga ni mbali," na maneno yao hukoma hapo, kana kwamba umbali ndio habari yote ya nchi. Wala si wageni peke yao. Mtoto wa shule wa Laela au wa Matai aweza kukutajia mito ya Ulaya, lakini ukimwuliza, "Maji ya kijito hiki chenu yaenda wapi?" hutazama chini. Huenda hata baba yake hajui.

Jambo hili si dogo. Mtu asiyejua maji yake yatokako na yaendako aweza kuyaharibu pasipo kukusudia, na hasara yake itamfikia jirani ambaye hajapata kumwona. Kwa hiyo twawaomba walimu walisome somo hili pamoja na watu wao polepole, sehemu kwa sehemu, na mwisho wayajibu maswali tuliyoyaweka.

1. Mahali pa nchi hii

Ufipa i katika pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania, katika mkoa wa Rukwa. Mji mkuu wa mkoa ni Sumbawanga. Jina hilo husemwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Zamani mkoa ulikuwa mkubwa kuliko sasa, lakini mwaka 2012 sehemu ya kaskazini ilitengwa ikawa mkoa wa Katavi. Zilizobaki ni Sumbawanga mjini na vijijini, Nkasi, ambayo makao yake ni Namanyere, na Kalambo, ambayo makao yake ni Matai. Jina la Nkasi latukumbusha Nkansi, mmojawapo wa falme mbili za Wafipa katika karne ya 19; wa pili uliitwa Lyangalile. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa una watu zaidi ya 1,500,000. Basi nchi hii si tupu, wala si ndogo.

Ili kuifahamu sura yake, mwalimu na atwae vitu vitatu: kitabu kinene, bakuli lenye kina na sinia. Akiweke kitabu katikati ya meza. Upande wa magharibi aweke bakuli, upande wa mashariki aweke sinia. Kitabu ni Ufipa. Bakuli ni ziwa Tanganyika. Sinia ni ziwa Rukwa. Kisha amwage maji kidogo juu ya kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya nailoni, watu watazame: maji mengine yatateremkia bakulini na mengine siniani. Hiyo ndiyo nchi yote kwa ufupi. Ufipa ni paa la nyumba, na maziwa hayo mawili ni mitungi iliyowekwa chini ya michirizi yake.

Juu ya kitabu hicho nchi ni pana, yenye vilima vya mviringo na mabonde yenye majani. Mji wa Sumbawanga uko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari. Karibu nao, upande wa mashariki, ndiyo milima ya Mbizi, ipitayo mita 2,400 katika vilele vyake. Mtu akivuka milima hiyo kuelekea Muze au Mtowisa, ghafula nchi humwishia miguuni. Chini yake ni genge kubwa liitwalo Lyamba lya Mfipa, na mbali chini kule aona uwanda wa Rukwa uking'aa kwa joto. Ziwa Rukwa liko mita zipatazo 800 tu juu ya bahari. Maana yake, toka kilele hata ufuoni mtu ashuka zaidi ya mita 1,500.

2. Jinsi nchi ilivyofanyika

Tusidhani kwamba Ufipa ni mlima uliorundikwa kwa moto kama Kilimanjaro au Rungwe. Mawe yake ni ya kale mno; wenye elimu ya miamba hukadiria kwamba mengi yana umri wa miaka milioni 2,000 hivi. Yalipikwa na kukunjwa ndani ya nchi, yakawa magumu, kisha mvua na upepo wa enzi nyingi zikayalaza yakawa karibu sawasawa.

Baadaye nchi ya Afrika Mashariki ilianza kupasuka. Mpasuko huo ndio tuuitao Bonde la Ufa. Una matawi mawili: la mashariki lapita Kenya na kati ya Tanzania, la magharibi lapita katika maziwa Albert, Kivu, Tanganyika na Rukwa hata Nyasa. Nchi ivutwapo huku na huku, vipande vyake vya kati hupoteza tegemeo na kuzama, kama vile ubao wa kati wa kitanda uzamavyo pande mbili zikiachana. Hapa vilizama vipande viwili. Kimoja kikawa shimo la Tanganyika, cha pili kikawa shimo la Rukwa. Ufipa ndicho kipande kilichobaki kimesimama katikati. Basi si sawa kusema kwamba Ufipa ilipanda peke yake. Afadhali tuseme kwamba majirani wake walizama.

Kazi hiyo haijakoma. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la nchi lenye kipimo cha 7.4 hivi lilitokea pande hizi za Rukwa na Tanganyika; nalo ni mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika Mashariki. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitokea jingine la kipimo cha 6.8 chini ya ziwa Tanganyika, nalo lilisikika hata Nairobi. Kwa hiyo mafundi wa nyumba, za ibada na za watu, wakumbuke kwamba nchi yetu hutikisika. Kuta ndefu za matofali mabichi zisizofungwa kwa mbao wala kwa chuma ni hatari. Na watoto wafundishwe kwamba nchi ikitikisika, mtu aliye nje akae mbali na kuta, na aliye ndani ajikinge chini ya meza imara hata itulie.

Shimo la Rukwa lina hazina zake. Udongo ulioteremka humo kwa enzi nyingi umelala tabaka juu ya tabaka, unene wa kilomita kadha wa kadha, nao umehifadhi mifupa ya wanyama waliokwisha toweka. Mwaka 2013 wataalamu walieleza habari za mabaki ya nyani wa kale aliyepewa jina la Rukwapithecus, mwenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba ndani ya shimo hilo imo gesi ya heli, itumiwayo kupozea mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili. Gesi hiyo hutoka katika mawe ya kale yale yale tuliyoyataja.

3. Mitungi miwili isiyofanana

Mtu angedhani maziwa yaliyozaliwa kwa mpasuko mmoja yatafanana kama pacha. Lakini tazameni tofauti.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Urusi peke yake lipitalo kina hicho. Uso wa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya bahari. Basi ukitoa hesabu, utaona kwamba sakafu ya ziwa hilo iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Wavuvi wa Kasanga, Kala, Wampembe, Kipili na Kirando huelea kila usiku juu ya shimo ambalo, tukiutia ndani mlima Mbizi pamoja na genge lake, usingeonekana isipokuwa ncha tu.

Ziwa Rukwa, kinyume chake, ni la kina kifupi sana, mita chache tu, na maji yake yana magadi. Sababu ni hii: halina mlango wa kutokea. Mito huingia, ndiyo Momba, Songwe, Rungwa, Kavuu na mingineyo midogo itelemkayo toka Ufipa, lakini hakuna mto hata mmoja utokao. Maji huondoka kwa njia moja tu, yaani kwa kunyonywa na jua. Jua huchukua maji na kuacha chumvi, kama sufuria iachavyo ukoko. Na kwa kuwa ziwa ni sinia, si bakuli, mvua kidogo hulitanua sana, na ukame kidogo hulikunja sana. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kilomita zipatazo 50 tu. Miaka 10 baadaye, mwaka 1939, ulikuwa karibu kilomita 130. Siku hizi hutajwa urefu wa kilomita 180 hivi. Miaka 10,000 hivi iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, Rukwa ilijaa hata ikapanda zaidi ya mita 150, maji yake yakafurika kaskazini-magharibi na kuingia Tanganyika karibu na Karema.

Tanganyika lina mlango mmoja, mto Lukuga, ulioko upande wa Kongo. Mwingereza Cameron aliuona mwaka 1874. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa kwa matope na mafunjo, na ziwa likizidi kupanda. Mwaka 1878 maji yakakivunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita zipatazo 10. Tena katika miaka ya karibu, hasa mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda yakafurika nyumba na gati huko Kigoma na Bujumbura. Basi maziwa haya si vitu vilivyokaa daima. Hupanda na kushuka, na watu wajengao kandokando yake yawapasa kukumbuka alama za kale.

Sasa twaweza kumjibu yule mtoto. Mvua inyeshayo juu ya paa la Ufipa huweza kugawanyika mashariki na magharibi. Tone liangukalo upande wa Kalambo huenda Tanganyika, kisha Lukuga, kisha mto Kongo, hata Bahari ya Atlantiki. Tone jirani yake, likiangukia upande wa Momba, huenda Rukwa, na huko huishia hewani. Mmoja asafiri hata bahari ya mbali. Mwenzake afa nyumbani. Kati yao pengine pana kilima kidogo tu.

4. Maporomoko ya Kalambo

Mto Kalambo hufuata mpaka wa Tanzania na Zambia. Ufikapo ukingoni mwa kitabu chetu huanguka mara moja mita zipatazo 235, zaidi ya mara mbili ya maporomoko ya Victoria, kisha hupita katika korongo hata ziwani. Korongo wa namna ya marabu hujenga viota katika kuta za miamba hiyo.

Mahali hapo pana heshima nyingine. Kuanzia mwaka 1953 mtaalamu J. Desmond Clark alichimba juu ya maporomoko, akakuta zana za mawe za watu wa kale. Mwaka 2019 wachimbaji walirudi, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba wamekuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Unyevu wa mchanga ndio ulioyahifadhi yasioze. Ni kazi ya mikono ya zamani kuliko watu wa namna yetu sisi. Basi wale wasemao kwamba nchi hii ni ya nyuma katika kila jambo, na waende Kalambo.

5. Mvua, baridi na upepo

Hapa pana majira mawili tu yaliyo wazi. Mvua huanza kama mwezi wa Novemba, huendelea hata Aprili. Kisha ni kiangazi, wala hainyeshi tena isipokuwa kwa nadra. Kwa mwaka mvua hupata milimita 800 hadi 1,200, na milimani huzidi. Juni na Julai ni miezi ya baridi na upepo mkali. Mgeni wa pwani ashukaye garini Sumbawanga katika miezi hiyo bila koti hujuta.

Kwa nini pawe na baridi, nasi hatuko mbali sana na ikweta? Ni kwa ajili ya kimo. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, joto hupungua digrii 6 hivi. Kwa hiyo mtu wa Muze akipanda Sumbawanga husikia upungufu wa digrii 5 au zaidi. Mama wa nyumbani anayo dalili nyingine jikoni mwake. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Sumbawanga huchemka kwa digrii 94 hivi, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Maharage hayajali kwamba maji yanatokota. Hujali kiasi cha joto. Ndiyo maana huchelewa kuiva huku juu, na kuni hutumika zaidi. Angalieni jambo hili la kuni, maana tutalirudia.

6. Mbona miti ni michache?

Msafiri atokaye Tunduma kwa barabara ya lami, kilomita zaidi ya 200, hushangaa: chini alipita misitu ya miombo, lakini juu aona majani matupu hata upeo wa macho. Wengine husema Mungu aliiumba hivi. Wengine husema wazee waliikata yote. Tuchunguze kwa haki.

Kwanza, baridi, upepo na kiangazi kirefu havipendelei miti mikubwa kila mahali, na mabonde mengine hujaa maji wakati wa mvua hata mizizi ya miti huoza. Hayo ni ya asili. Lakini pili, katika milima ya Mbizi umebaki msitu wa kweli, wenye miti mirefu, ukungu na chemchemi. Humo wamo mbega wekundu, waliotengwa na jamaa zao wa mbali kwa nchi tupu iliyowazunguka. Mnyama wa mitini hawezi kuvuka majani kilomita nyingi. Basi kuwapo kwake ni ushahidi kwamba zamani miti ilienea zaidi.

Tatu, kuna habari ya chuma. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Walijenga matanuru ya udongo yaitwayo malungu, marefu kama mita 3, yenye matundu chini, na moto ulivuta hewa wenyewe pasipo mivukuto. Chuma ghafi kilichotoka kilisafishwa katika tanuru dogo kwa mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa majembe na mashoka. Ilikuwa akili kubwa, na magofu ya matanuru hayo yangali yakionekana. Lakini tanuru hula makaa, na makaa ni miti. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, majembe ya madukani yalipoenea.

Nne, na hili ndilo lililobaki mpaka leo, ni moto wa kila kiangazi. Moto hauui majani. Mizizi yake iko salama chini, nayo huchipuka tena. Huua mche wa mti wenye miaka miwili au mitatu. Nchi ichomwayo kila mwaka haiwezi kurudisha msitu, hata kama hakuna mtu aendaye na shoka. Basi jibu la haki ni kwamba asili ilianza, tanuru likaongeza, na moto ndio uzuiao miti isirudi.

7. Hekima ya intumba

Wazee wa Ufipa, wakiisha kuona kwamba miti ni michache, hawakuweza kulima kama jirani zao wa kusini, ambao hukata matawi, huyachoma na kupanda katika majivu. Walivumbua njia nyingine. Mvua zikiwa bado nyingi na majani yamekua marefu, mkulima huyageuza majani pamoja na udongo wake, akafanya vichuguu vya mviringo viitwavyo intumba. Majani hufunikwa ndani, yakaoza kwa joto na unyevu. Juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata vichuguu huvunjwa na kusambazwa, kisha hupandwa ulezi au mahindi katika udongo uliokwisha kuwa mweusi na wenye nguvu.

Tazameni faida zake. Majani yasiyochomwa huwa mbolea. Vichuguu huzuia maji ya mvua yasikimbie. Maharage nayo huongeza chakula cha udongo, kwa kuwa mizizi yake huhifadhi naitrojeni itokayo hewani. Wataalamu wa kilimo wa nchi nyingi leo hufundisha mambo haya haya kwa majina mapya. Kwa kilimo chake mkoa huu ulihesabiwa miongoni mwa minne mikubwa ya nafaka ya Tanzania, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kijana asiuonee haya ujuzi wa bibi yake.

8. Nzige wa uwanda wa Rukwa

Kuna sababu moja ambayo kwayo uwanda wa Rukwa ulijulikana Afrika nzima ya kusini. Ziwa likipungua huacha mbuga pana za majani zinazofurika na kukauka kwa zamu. Mahali pa namna hiyo hupendwa na nzige mwekundu. Katika miaka ya 1930 hata 1944 nzige hao walienea katika nchi nyingi kusini mwa ikweta, wakala mashamba, na njaa ikafuata. Uchunguzi ulionyesha kwamba makundi yalianzia mahali pachache, hasa Mweru wa Ntipa katika Zambia ya leo na uwanda wa Rukwa. Mwaka 1949 pakawekwa makao ya kuwapinga huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Tangu hapo hushambuliwa wakiwa bado nyumbani mwao. Mwaka 2009 walipozidi katika mbuga za magharibi mwa Tanzania, ilitumika pia dawa itokanayo na kuvu, iwauayo nzige pasipo kudhuru viumbe wengine wengi.

Fundisho lake ni wazi. Kupanda na kushuka kwa sinia moja, katika bonde ambalo wengi hawalijui jina, kuliweza kumnyima mkate mtu aliye kilomita elfu mbali.

9. Yatupasa kufanya nini?

Sasa na turudi kwenye paa letu. Msitu wa Mbizi hushika ukungu na mvua, huyaachia maji polepole, na chemchemi zake huunywesha mji wa Sumbawanga na vijiji vya chini. Msitu ukichomwa au kukatwa kwa kuni na mkaa, mvua ile ile itanyesha, lakini itakimbia kwa siku moja. Itachukua udongo kutoka mashamba ya juu, itashuka gengeni kwa nguvu, itafunika mashamba ya Muze na Ilemba kwa mchanga, kisha itamwaga matope siniani. Na sinia, tumekwisha kuona, halina kina cha kupoteza. Kila tabaka la matope humfukuza samaki na kulisukuma ziwa lienee nje, juu ya mashamba ya watu. Mkulima wa juu atasema, "Mavuno yamepungua." Mvuvi wa chini atasema, "Samaki wamepungua." Kila mmoja atadhani shida yake ni ya peke yake, kumbe ni shida moja iliyoteremka.

Basi twawashauri hivi. Kijiji kikate njia za kuzuia moto kabla ya Juni, wala mtu asiachiwe kuchoma majani kwa kuwinda panya. Mashamba ya mtelemko yalimwe kwa matuta yanayokingama, si yanayoshuka. Kandokando ya chemchemi na mito pasilimwe; sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudhuru ndani ya mita 60. Mikaratusi ipandwe mbali na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Karibu na maji ipandwe miti ya asili. Maharage yalowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa, na meko yawe ya kuhifadhi moto, ili kuni zipungue. Wenye ng'ombe na wenye mashamba wakubaliane mapema njia za kwenda majini, kabla ya ugomvi, si baada yake.

Mambo hayo si makubwa. Lakini paa huvuja kwa tundu dogo, na mwenye nyumba mwangalifu huliziba kabla ya masika.

Maswali ya kujifunzia

1. Taja kijito kilicho karibu nanyi. Maji yake huenda ziwa gani?
2. Kwa nini maji ya Rukwa yana magadi?
3. Eleza kwa kitabu, bakuli na sinia jinsi Ufipa ilivyobaki juu.
4. Kwa nini maharage huchelewa kuiva Sumbawanga kuliko pwani?
5. Ni ushahidi gani uonyeshao kwamba zamani msitu ulienea zaidi?
6. Intumba hufanywaje, na faida zake ni zipi? Waulizeni wazee wa kijiji chenu, mkaandike majibu yao.
7. Katika kijiji chenu, ni jambo gani moja mtakaloanza kulifanya kabla ya mwezi wa Juni, na nani atakayelisimamia?